Sura ya 6: Daftari Limejaa, Mkono Je?

"Nimekusanya kanuni za usanifu karibu mia mbili. Nimezipanga kwa rangi, nyingine nimezichapa na kuzibandika ukutani. Nitajuaje kama ninapiga hatua?"

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mchora mabango huliuliza akiwa na simu iliyojaa picha za mabango ya wenzake. Kijana anayejifunza kuunda programu za simu huliuliza akiwa na mafaili ambayo hajayafungua tangu ayahifadhi. Fundi samani ana daftari la vipimo na michoro, lakini kila kiti kipya anakianza kana kwamba hajawahi kutengeneza kiti. Wote wanataka kipimo, na kwa kukosa kipimo kingine huishia kuhesabu vilivyomo.

Tuelewane maneno kwanza. Usanifu, katika kitabu hiki, ni maamuzi yanayofanywa kuhusu kitu kabla hakijatengenezwa: herufi ziwe kubwa kiasi gani, mlango ufungukie upande gani, kitufe kikae wapi kwenye skrini. Kanuni ya usanifu ni sentensi inayokusaidia kufanya uamuzi huo bila kuumiza kichwa upya kila mara. Maktaba binafsi ya kanuni ni mkusanyo wa sentensi hizo uliojitengenezea kwa ajili ya kazi zako, uwe kwenye daftari, kwenye simu au kwenye kadi ndani ya boksi la viatu.

Jibu langu ni hili: kanuni huanza kuhesabika siku inapobadilisha uamuzi. Kabla ya siku hiyo ni maandishi tu, hata yawe mazuri namna gani. Yanayofuata ni namna ya kuipima siku hiyo bila kujidanganya.

Idadi inasema machache

Tuangalie mikusanyo mitatu inayojulikana sana. Mwaka 1977 Christopher Alexander, msanifu majengo aliyezaliwa Vienna na kufundisha Berkeley huko California, alichapisha pamoja na wenzake kitabu kiitwacho A Pattern Language. Kina kanuni 253. Dieter Rams, Mjerumani aliyeongoza usanifu katika kampuni ya Braun kuanzia 1961 hadi 1995, ana kanuni 10. Jakob Nielsen wa Denmark, ambaye kazi yake ni kuchunguza kama watu wanaweza kutumia kompyuta bila kuteseka, naye mwaka 1994 alikamilisha orodha ya 10.

Hakuna atakayesema Alexander aliendelea mara ishirini na tano zaidi ya Rams. Kitabu chake kinaanzia mpangilio wa miji, kinapita mitaa na nyumba, mpaka kinafika kwenye kiti cha dirishani. Nielsen alishughulika na skrini peke yake. Ukubwa wa orodha hufuata upana wa kazi, basi. Anayechapa fulana anaweza kuishi vizuri na kanuni kumi na tano maisha yake yote, na anayejenga nyumba akashindwa kutosheka na mia.

Kwa Rams kuna jambo jingine la kutazama. Orodha yake ilianza kuchukua sura mwishoni mwa miaka ya 1970, pale alipojiuliza kama usanifu wake mwenyewe ni usanifu mzuri. Alikuwa ameingia Braun mwaka 1955. Redio, vinanda vya santuri na mashine za jikoni zilitangulia. Sentensi kumi zikafuata. Sisi wengi tunakwenda kinyume: tunachukua sentensi kumi za mtu aliyefanya kazi zaidi ya miaka ishirini, tunazinakili jioni moja, kisha tunashangaa kwa nini mkono haujabadilika.

Je, kanuni yako inaweza kuvunjwa?

Kipimo cha kwanza cha kweli ni hiki. Chukua kanuni yoyote kutoka maktaba yako, ujiulize: mtu angefanya nini ili aivunje, nami nikaona kwa macho kwamba ameivunja? Kama huna jibu, hiyo bado ni nia njema.

"Bango liwe wazi" haiwezi kuvunjwa, kwa sababu kila mchoraji atakuapia kwamba bango lake liko wazi. "Namba ya simu isomeke kutoka ng'ambo ya barabara" inaweza kuvunjwa. Unavuka barabara, unageuka, unasoma au unashindwa kusoma.

Alexander alikuwa hodari wa sentensi za namna hii. Aliandika kwamba roshani yenye kina kisichofika futi 6, yaani kama meta 1.8, ni nadra kutumiwa na watu, kwa kuwa hapana nafasi ya kukaa wawili watatu na meza ndogo katikati. Unaweza kumkubali au kumkataa, lakini unaweza kuchukua futi kamba ukaenda kupima. Pita mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, ukitazama juu, uhesabu roshani nyembamba zilizogeuka kuwa kamba za kuanikia nguo.

Mfano wa pili unatoka kwenye miongozo ya kimataifa ya kutengeneza kurasa za mtandao zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Miongozo hiyo inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Uwiano huu unalinganisha mwangaza wa rangi mbili: nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, nyeupe juu ya nyeupe ni 1 kwa 1. Anayependa maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe hana tena nafasi ya kubishana kuhusu ladha. Kuna programu zinazopima uwiano huo, nyingine bila malipo.

Si kila kanuni lazima iwe na tarakimu. Za Rams hazina hata moja. Lakini zina kitu kingine kinachofanya kazi ileile: zimefungwa kwenye vitu. Anaposema usanifu mzuri ni usanifu mdogo kadiri iwezekanavyo, redio zake zipo, unaweza kuzitazama ukaelewa "mdogo" maana yake nini. Kanuni isiyo na tarakimu, basi, ipewe kitu: picha moja ya mahali ilipofuatwa na moja ya mahali ilipovunjwa.

Kwa ufupi: chagua kanuni kumi bila kuchambua. Hesabu ngapi zina kipimo au zina kitu cha kuonyesha. Hiyo ndiyo tarakimu yako ya kwanza ya kuandika, na kwa wengi huwa ndogo kuliko walivyotarajia.

Nyota za Alexander

Kuna jambo moja katika kitabu cha Alexander ambalo wanaonakili kanuni zake hulisahau, nami naliona lina thamani kuliko nusu ya kanuni zenyewe. Kando ya majina ya kanuni waandishi waliweka nyota. Nyota mbili ziliwekwa pale walipoamini wamegusa jambo la kweli, lisilokwepeka. Nyota moja iliwekwa pale walipoona wamekaribia, lakini kazi bado ipo. Mahali pengine hawakuweka nyota kabisa, wakimaanisha wana hakika kwamba hapo hawajafika, na kwamba ziko njia nyingine za kulitatua tatizo hilohilo.

Walichapisha kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja, na ndani yake wakaonyesha wazi ni wapi hawajiamini.

Fanya hivyo kwenye daftari lako. Kanuni uliyoisoma tu haina nyota. Uliyoitumia kwenye kazi halisi ikasaidia, ipe moja. Iliyokusaidia kwenye kazi za aina tofauti, kwa wateja tofauti, ipe ya pili. Baada ya hapo usihesabu kanuni, hesabu zilizohama. Maktaba ambayo nyota zake hazijasogea kwa mwaka mzima ni ghala, haijalishi imeongezeka kurasa ngapi.

Kushuka nako kuhesabiwe. Chukua kanuni ya Alexander yenye nyota mbili isemayo kila chumba kipate mwanga kutoka pande mbili. Sasa ipeleke Lamu, mji mkongwe ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika nyumba za mawe za pale vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa umewekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko. Vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, na mwanga unaingia kutoka upande wa kiwanda, yaani uwanja wa ndani. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanga unavyopungua, ndivyo joto linavyopungua, na ndivyo faragha ya wenye nyumba inavyoongezeka. Watu waliishi humo kwa karne nyingi na hawakuwa wajinga wa madirisha.

Je, Alexander alikosea? Mimi sidhani. Ila kwa msanifu wa pwani, nyota moja inadondoka, na kando ya kanuni inaandikwa: "si mahali ambapo jua ndilo adui." Siku unapoandika maneno kama hayo umepiga hatua kubwa kuliko kunakili kanuni mpya ishirini.

Anza na matatizo, kanuni zitafuata

Nielsen alipotengeneza orodha yake hakukaa kivulini akatunga misemo. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Rolf Molich walikuwa wameshaandika orodha ya awali. Baadaye alichukua matatizo 249 ya kweli, waliyoyakuta watu walipotumia programu mbalimbali za kompyuta, akatafuta ni kanuni zipi zinaeleza matatizo mengi zaidi. Zile 10 zilitoka hapo. Mwaka 2020 maelezo yake yaliandikwa upya kwa lugha nyepesi, lakini kanuni zenyewe hazikubadilishwa.

Ukiondoa hesabu zake ngumu, njia hii inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kalamu. Fungua ukurasa wa matatizo. Andika kila mara mteja anaporudisha kazi, mtumiaji anapopotea, au kitu kinapochapwa upya kwa hasara. Mwisho wa mwezi pitia ukurasa huo, na kwa kila tatizo uliza kama maktaba yako ilikuwa na kanuni ambayo ingelizuia. Majibu ni matatu tu:

- Kanuni haikuwepo. Iandike sasa, imekuja na ushahidi wake.
- Ilikuwepo, ikatumika, lakini haikusaidia. Ipunguzie nyota, au iandikie mpaka.
- Ilikuwepo, lakini hukuikumbuka.

Jibu la tatu ndilo la kukaa nalo, kwa sababu ndilo linaloumiza walio wengi. Mtu ana sentensi nzuri juu ya ukubwa wa herufi, na bado kadi ya mwaliko imetoka na jina la ukumbi lisilosomeka. Kuongeza kanuni hapo ni kumwaga maji kwenye debe lililojaa. Kasoro iko kwenye mpangilio.

Wengi hupanga kwa jina la mwandishi au kwa kitabu zilikotoka: za Rams hapa, za Nielsen pale. Mpangilio huo unamfaa anayesoma. Anayefanya kazi hajiulizi Rams angesema nini. Anajiuliza afanye nini sasa, wakati faili liko wazi na mteja anapiga simu. Panga kwa hatua za kazi yako: kabla ya kuchora, wakati wa kuchagua herufi na rangi, kabla ya kupeleka kwa mchapaji. Kisha tazama ule ukurasa wa matatizo mwezi baada ya mwezi. Majibu ya aina ya tatu yakipungua, maktaba inafanya kazi, hata kama haijaongezeka sentensi moja.

Zilizookotwa barabarani

Maktaba nyingi nilizoonyeshwa zimejaa Ujerumani, Marekani na Japani. Hakuna ubaya. Ila kuna kipimo kinachofichua mengi: ni kanuni ngapi umezitoa mwenyewe kwenye vitu unavyovishika kila siku?

Daladala za Dar es Salaam zina mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha njia. Abiria anaujua mstari wake kutoka mbali, kabla herufi hazijasomeka, na hata asiyejua kusoma anaujua. Mbele pameandikwa majina ya vituo vya mwanzo na mwisho, na hilo nalo lina kazi yake, maana wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kanuni hiyo hapo: rangi iite, maneno yathibitishe, na rangi isiachiwe ujumbe peke yake. Ukiandika hivi umefika mahali palepale walipofika waandishi wa miongozo ya kurasa za mtandao, ila wewe umefika kwa miguu.

Kanga nayo ina pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Sehemu tatu zisizobadilika, na ndani yake michoro isiyo na mwisho. Mtengeneza kadi, vifungashio au kurasa za habari anaweza kuchota hapo kanuni nzima juu ya kuweka umbo moja na kubadilisha kilichomo.

Sidai kwamba ya nyumbani ni bora kwa kuwa ni ya nyumbani. Faida yake ni kwamba unaweza kwenda kuitazama tena kesho, ukamwuliza anayeitumia.

Zinapogombana

Mtu mwenye kanuni tano hana ugomvi. Mwenye hamsini anao kila wiki, na hapo ndipo maktaba inapopevuka au inapoachwa.

Chukua mbili zinazopendwa na kila aundaye programu za simu: "punguza hatua" na "zuia makosa." Unapotuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007, unaonyeshwa jina la mpokeaji kabla pesa hazijakutoka. Hiyo ni hatua ya ziada. Kwa kanuni ya kwanza ni kasoro, kwa ya pili ni mlango wenye bawabu. Nani amshinde mwenzake?

Jibu la kitoto ni "inategemea." Jibu la kazi ni kuandika inategemea nini. Kwa mfano: "Kosa likigharimu pesa na kulirudisha ni shida, ongeza hatua. Kosa likiweza kufutwa kwa kubonyeza mara moja, ondoa hatua." Sentensi hii mpya si kanuni ya tatu. Ni mpaka kati ya mbili za kwanza, na mtu akiniuliza kipimo kimoja tu cha kuchukua katika sura hii, nitamwambia ahesabu mipaka ya namna hii. Haipatikani kwa kunakili. Lazima kanuni zote mbili zikutane kwenye kazi yako, siku moja, na mteja anasubiri.

Kufuta ni kazi

Ipo kanuni inayozunguka kila darasa la usanifu: menyu isizidi vitu saba. Asili yake ni makala ya mwanasaikolojia wa Marekani George Miller ya mwaka 1956, iliyohusu mipaka ya vitu mtu anavyoweza kuvishika akilini kwa muda mfupi, kama tarakimu anazosomewa mara moja na kutakiwa azirudie. Lakini menyu iko mbele ya macho. Msomaji hahitaji kuikariri. Kuna sababu nyingine nzuri za kufupisha menyu, ila hiyo siyo.

Kanuni kama hii inabaki kwenye madaftari kwa sababu ina namba na ina jina la mtaalamu. Ifute, au iandike upya panapostahili: "Usimlazimishe mtu kukumbuka alichokiona skrini iliyopita." Kisha weka alama kwamba umefuta. Ukipita nusu mwaka bila kufuta chochote, huenda huisomi maktaba yako, unaihifadhi tu.

Mpe mwingine aijaribu

Nielsen alipowapa wakaguzi orodha na kuwataka watafute kasoro katika programu, mkaguzi mmoja kwa wastani alipata kama asilimia 35 tu ya matatizo yaliyokuwepo. Watano wakiunganishwa walifika kama asilimia 75. Hawakuwa wazembe, kila jicho lina upande lisiouona.

Maktaba binafsi ina hatari hiyohiyo. Mpe mwenzako wa kazi kanuni zako tano zenye nyota mbili na kazi moja uliyoimaliza, umwache aikague bila wewe kueleza. Akishindwa kuelewa kanuni, sentensi haijaiva. Akiona ulipoivunja nawe hukuona, hilo linaingia kwenye ukurasa wa matatizo. Usimpe rafiki wa kukusifu. Mpe yule mnayebishana naye.

Yatosha kuandika nini kila mwezi

Usifungue jedwali kubwa. Nimeona watu wakijenga mifumo ya kupima iliyo mizito kuliko kazi yenyewe, na kipimo kikishakuwa mchezo, mtu huanza kulazimisha kanuni mahali isipohitajika ili apate alama. Mistari minne inatosha:

1. Kanuni zilizobadilisha uamuzi, na uamuzi wenyewe.
2. Zilizopanda au kushuka nyota.
3. Matatizo ambayo kanuni yake ilikuwepo lakini haikukumbukwa.
4. Mipaka mipya na zilizofutwa.

Mwezi ambao mistari yote iko tupu si mwezi wa aibu. Huenda kazi zilikuwa za kurudiarudia. Miezi mitatu mfululizo, hapo kuna la kuuliza.

Kabla hujafungua sura inayofuata, toa kazi ya mwisho uliyomkabidhi mteja. Andika maamuzi matano uliyoyafanya ndani yake: rangi ile, ukubwa ule, nafasi ile, mpangilio ule, kile ulichokataa kukiweka. Kando ya kila uamuzi andika kanuni iliyokuongoza. Pakibaki wazi, usijaze kwa kanuni ya kuazima ili ukurasa upendeze. Nenda kwa anayekitumia hicho kitu, umtazame akikitumia, ndipo uandike.